Matofaa Yaliyofungwa kwa Uzi

Chumba kile cha Tottenham tulikipata kwa sababu mvua ilikuwa ikinyesha na mama mwenye nyumba hakuwa na moyo wa kutufungia mlango. Nyumba nyingine zote tulizobisha katika mtaa ule na mitaa ya jirani zilikuwa zimeshapangishwa, ati, dakika ile ile tulipotokea sisi. Huyu alitutazama tukiwa watatu tunalowa chini ya mwavuli mmoja, akashusha pumzi, akasema tuingie kwanza tujikaushe. Tukaingia. Tukajikausha. Hatukutoka.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini, mdogo wangu wa kiume kumi na minne, na kitinda mimba wetu, msichana, miaka tisa. Baba alitangulia mbele ya haki, mama akamfuata kaburini, nami nikaacha shule Mombasa nikiwa darasa la saba, nikaenda kushona vifungo kwa fundi mmoja wa Kibokoni. Kisha ukaja mwaka ule Wahindi wa Kenya wenye pasi za Kiingereza walipokuwa wakigombea ndege kabla mlango haujafungwa, nasi tukagombea na wenzetu. Mjomba wetu alikuwa ameshatangulia Leicester. Yeye ndiye aliyetuma tikiti, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa na mpango.

Mpango wake ulikuwa mfupi. Kijana aende kwake Leicester akasaidie dukani. Msichana akae Wembley kwa shangazi mmoja, ambaye hasa hakuwa shangazi yetu ila alikuwa na kitanda. Mimi nikae popote nitakapopata kazi.

"Mjomba," nilimwambia kwa simu ya njiani, wadogo zangu wote wawili wakiwa wamejibana nami ndani ya kile kibanda chekundu, "sisi tuko watatu tu. Ukitugawa, hakibaki kitu."

"Basi tafuta nyumba itakayowachukua watatu," akasema. "Nikisikia kwa kinywa cha mwenye nyumba mwenyewe kwamba mnakaa, sina neno. Nakungoja mpaka mwisho wa Septemba. Baada ya hapo nakuja na gari."

Mama mwenye nyumba naye alikuwa na neno lake, nalo lilikuwa "tutaona". Alitupa chumba cha juu kwa majaribio. Baada ya sikukuu ya mavuno ya kanisani kwake, alisema, ndipo atakapoamua kama tunakaa au tunaondoka. Kwa hiyo maisha yetu sisi watatu yalikuwa yamening'inia kwenye kinywa cha mjane mmoja mrefu, mwembamba, aliyevaa aproni hata akiwa anasoma gazeti.

Niliazimia tuwe wapangaji ambao London haijapata kuwaona. Hilo nililifanikisha.

Siku ya pili tu nilimkuta muuza maziwa ameacha chupa mlangoni, zimepigwa na jua. Kwetu maziwa yasiyochemshwa ni maziwa yanayongojea kuharibika. Nikayachukua, nikayachemsha yote, nikayafunika vizuri, na malai, ule utando mzito wa juu, nikayaweka pembeni kwenye kisahani kwa heshima yake. Mama mwenye nyumba alikuja jikoni, akachungulia sufuria, akachungulia kisahani, akauliza kitu.

"Anasema nini?" nilimuuliza mdogo wangu. Kiingereza changu kiliishia darasa la saba, na kingi nilikuwa nimekidondosha njiani.

"Anauliza kama kuna mgonjwa."

"Mwambie hakuna mgonjwa. Mwambie maziwa haya sasa yatakaa bila wasiwasi, na malai atie kwenye mkate na sukari kidogo, mama yetu alikuwa akitupa hivyo asubuhi, na nikipata hiliki nitamtilia."

Mdogo wangu alifikiri, kisha akasema kwa Kiingereza maneno kama manne. Ndiyo ilikuwa kawaida yake. Nilimpa gunia, akafikisha kikapu.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia pole, madam."

Tukaendelea hivyo. Tulipanda ngazi miguu mitupu tusimsumbue, naye akadhani nyumba ina majini, maana alisikia milango bila kusikia nyayo. Nilimfagilia uani alfajiri, nikafagia na majani yaliyokuwa yamefunikia vitunguu vyake vya maua. Kitinda mimba alimsalimia kila walipopishana kwenye korido, hata mara saba kwa siku, mpaka yule mama akawa anachungulia kwanza kabla ya kutoka chumbani. Kila jioni nilimuuliza mdogo wangu, "Unaonaje, ametupenda?" Naye alijibu, "Bado anatuona."

Huko uani palikuwa na mti mmoja wa matofaa. Kwetu Mombasa tofaa ni lile jekundu, laini, la majimaji. Haya yalikuwa makubwa kama ngumi ya bondia, ya kijani, yenye mabonde mabonde. Tulingoja yaive yawe mekundu, nayo kila asubuhi yaliamka na ukijani wake. Mama mwenye nyumba alitoka na kikombe chake cha chai akauzunguka mti, akayagusa moja moja, asichume hata moja.

"Anayapa mkono," alisema kitinda mimba, ambaye kwa salamu alikuwa hodari.

Siku moja likaanguka moja karibu na kamba yetu ya nguo. Kitinda mimba akaling'ata kabla sijamkataza. Uso wake ulijikunja wote ukaenda upande mmoja, jicho likafumba. Kisha akafungua jicho akatabasamu.

"Dada, hili ni embe."

"Embe gani?"

"Embe bichi. Limejificha tu."

Nikaonja. Wallahi lilikuwa embe bichi, na ukali wake wote. Mama mwenye nyumba alikuwa na mwembe uani wala hajijui. Tulilikata vipande, tukatia chumvi na pilipili ya unga iliyosafiri nasi ndani ya soksi, tukala tumeketi ngazini huku kamasi zikitutoka kwa furaha. Tangu siku ile tukawa tunaokota yaliyoanguka. Ya mtini niliyaharimisha. "La chini ni la ardhi," niliwaambia, "la juu ni la mwenyewe." Na walinitii, kwa sababu mimi nikisema neno sirudi nyuma.

Wiki moja na kitu kabla ya sikukuu ya mavuno, mama mwenye nyumba alijifunga kofia akaenda kumtazama dada yake aliyekuwa mgonjwa, huko pwani ya kwao. Mlangoni aliniambia niangalie nyumba. Lakini alipokuwa akisema "nyumba" macho yake yalipita begani kwangu, yakatoka dirisha la jikoni, yakatua kwenye mti. Hilo halikuhitaji mkalimani.

Jioni ile ile redio ikatangaza upepo mkali. Na jioni ile ile jirani yetu, mzee mjane aliyewahi kuendesha mabasi, aliegemea uzio, akautazama mti kwa muda mrefu, akasema, "Matofaa mazuri hayo."

Mdogo wangu aliponitafsiria, nilihisi baridi. Kwetu mtu akiegemea uzio wako akasifu matunda yako, usiku hulali. Mwenye mwembe akisafiri, akirudi hukuta majani.

"Tutayachuma," nikasema.

"Dada, ulisema ni haramu."

"Kuyala ni haramu. Kuyaokoa ni wajibu."

Tuliyachuma yote. Kijana alipanda juu ya banda la makaa, msichana akashika shuka chini, mimi nikayaangua ya mbali kwa ufagio. Hatukubakisha hata moja, maana kubakisha moja ni kumwonyesha mwizi njia. Tulipomaliza hatukuwa na pa kuyaweka, tukayatia kwenye bafu la kuogea, likajaa mpaka kwenye bomba. Kisha tukakaa kungoja upepo.

Upepo haukuja. Likaja jua. Jua ambalo nilikuwa nimeambiwa London haina, lilitoka asubuhi ya pili yake, kali, kana kwamba lilikuwa limetufuata kutoka Mombasa na lilikuwa limepotea njia kwa muda.

Nilipochungulia bafuni nikaona kwamba mengi yalikuwa na madoa ya kahawia pale yalipogongwa na ufagio. Yangeoza kabla mwenyewe hajarudi. Sasa, mtu aliyelelewa nilikolelewa mimi, akiwa na bafu zima la matunda makali yanayotaka kuoza, na jua limewaka, na kiwandani nilikokuwa nimepata kazi ya kushona makoti kumefungwa wiki nzima kwa kutengeneza mashine, hana mambo mawili ya kufanya. Ana moja. Nikatoa kisu.

Nilijua kabisa nilichokuwa nakifanya. Mama mwenye nyumba angerudi amechoka, angekuta kabati lake limejaa chupa za achari, kazi ya mkono, ya kumtosha mpaka kiangazi. Mpangaji anayekufanyia hivyo unamfukuzaje? Niliona kabisa akimwambia mjomba kwa simu, "Hawa siwaachii."

Achari lakini inataka jua la siku mbili tatu, na jua la London halitulii. Asubuhi lilikuwa mbele ya nyumba. Tulitandika vipande, vimeshapakwa chumvi na manjano, juu ya ukuta wa mbele, juu ya masinia, juu ya ubao wa kupigia pasi. Saa nne likahamia pembeni, nasi tukahama. Mchana lilikuwa juu ya banda la makaa. Tulipokezana sinia kama watu wa harusi, tukilifuata jua kuizunguka nyumba, na kila liliposhikwa na wingu kitinda mimba alisimama katikati ya uani kuliamuru litoke.

Siku ya pili, baada ya adhuhuri, jua likapungua uani likabaki barabarani peke yake, limelala juu ya gari la yule jirani. Lilikuwa gari dogo jeusi. Alilisafisha kila asubuhi na kuliendesha Jumapili tu, na siku ile haikuwa Jumapili. Niliweka kiganja juu ya paa lake. Lilikuwa moto kama bati.

Kwetu vitu huanikwa juu ya bati. Hili lilikuwa bati lenye magurudumu, ndio tofauti tu. Tukatandika shuka juu ya paa, tukapanga vipande safu safu, manjano juu ya weupe, na kila pembe tukaiwekea tofaa zima liizuie. Nikaingia ndani kupepeta mbegu za haradali.

Nilisikia injini.

Nilipofika mlangoni gari lilikuwa linakata kona kuelekea barabara kuu, polepole, kwa adabu, shuka likipepea juu yake, na vipande vyetu vikiruka kimoja kimoja vikianguka nyuma. Mdogo wangu alikuwa anakimbia nalo akiita, "Sir! Sir! Achari!" Watu waliokuwa kituo cha basi waligeuka wote pamoja. Mama mmoja alitoa kipande kwenye kofia yake, akakitazama, akakirudisha pale pale. Njiwa walishuka, wakaonja, wakaondoka haraka kuliko walivyokuja.

Kijana alirudi baadaye ndani ya gari lenyewe, ameketi mbele kama gavana, shuka mapajani. Mzee alishuka, akalitazama paa lake lililokuwa na madoa ya manjano kama chui. Mkononi alikuwa na kipande kimoja.

"Anauliza hiki ni nini," akasema mdogo wangu.

"Mwambie tofaa."

"Nimemwambia. Anauliza la nani."

Sikuwa na haja ya kumwambia. Mzee alishainua macho, akatazama juu ya uzio, akauona mti mtupu. Akacheka. Alicheka mpaka akaketi kwenye ukingo wa barabara, na mdogo wangu akaketi karibu naye kungoja maneno yatoke. Yalipotoka, niliona uso wa mdogo wangu unabadilika.

"Dada," alisema, "kanisani kwao kuna mashindano ya pai. Siku ya sikukuu ya mavuno. Kila mtu kwa matofaa ya mti wake mwenyewe."

"Halafu?"

"Huyu mzee anashinda kila mwaka. Mama mwenye nyumba anakuwa wa pili kila mwaka. Mwaka huu mti wake ulikuwa umezaa kuliko wote. Alikuwa anayalea haya kwa ajili ya pai. Hayaivi, dada. Ndivyo yalivyo. Ni ya kupika."

Mzee naye alikuwa ameacha kucheka. Aliutazama ule mti kwa huzuni kidogo, akasema jambo.

"Anasema, sasa yeye atashindana na nani?"

Sikulala vizuri. Pai ya mwenye nyumba nilikuwa nimeikata vipande na kuianika juu ya gari la adui yake. Asubuhi niliwaketisha wadogo zangu kitandani.

"Akirudi, mimi ndiye nitakayesema," niliwaambia. "Nitamwambia kweli yote, akitufukuza atufukuze. Nyinyi kazi yenu ni kunyamaza."

"Akitufukuza, mimi Leicester?" aliuliza kijana.

"Ndiyo."

"Na mimi Wembley kwenye kitanda?" aliuliza kitinda mimba.

"Ndiyo. Sasa nyamazeni."

Wakanyamaza. Kwa siku mbili walinyamaza mno, na mimi nikadhani ni majonzi. Waliomba ruhusa ya kwenda sokoni, nikawapa. Waliomba kidonge changu cha uzi mweusi, ule wa kushonea vifungo vya makoti, nikawapa bila kuuliza. Mchana wa siku aliyokuwa arudi, mimi nilikuwa jikoni na madirisha yote wazi, haradali inaruka kwenye mafuta, kitunguu thomu kinakaangika, ninajaza chupa. Ikiwa tunafukuzwa, nilijiambia, achari haina kosa, na iishe.

Mama mwenye nyumba hakupitia mlango wa mbele. Alipita kichochoro cha pembeni, kofia kichwani na mkoba mkononi, akaenda moja kwa moja kwenye mti wake. Nami ndipo nilipotazama nje ya dirisha.

Mti ulikuwa umezaa. Umezaa matofaa mekundu, madogo, yanayong'aa, yote kwenye matawi ya chini ambako mkono wa kijana wa miaka kumi na minne unafika. Kitinda mimba alikuwa amesimama chini yake, ncha ya uzi bado imo mdomoni. Mdogo wangu alikuwa ameficha mikono nyuma.

Mama mwenye nyumba alitazama kwa muda. Akashika moja, akalivuta. Tawi likaja. Akalivuta zaidi, tawi likazidi kuja. Lile fundo nililitambua kutoka dirishani: ni langu, la kifungo cha koti la baridi, na msichana nilimfundisha mwenyewe. Haliachii.

Aliyoyasema nilikuja kuhadithiwa baadaye na wote wawili, mara nyingi, wakiiga sauti yake.

"Yamegeuka rangi," alisema.

"Ndiyo, madam," alisema mdogo wangu. "Ni jua."

"Na yameota uzi."

"Ndiyo, madam."

"Na hili hapa bado limevaa karatasi ya sokoni."

Mdogo wangu alilitazama lile la karatasi kwa muda mrefu. "Hilo limechelewa, madam," akasema.

Nilitoka mbio na mwiko mkononi, nanuka haradali kuanzia nywele. Nilisimama mbele ya yule mama nikamwambia yote kwa Kiswahili: redio, upepo, jirani na sifa zake, bafu, jua, gari, njiwa. "Mfikishie lote," nilimwambia mdogo wangu. "Leo usipunguze hata neno." Naye kwa mara ya kwanza maishani mwake alifikisha gunia zima. Ilimchukua muda. Alipofika kwenye kofia ya yule mama wa kituo cha basi, niliona kona ya mdomo wa mama mwenye nyumba inatikisika, lakini ikatulia.

Akaingia jikoni. Chupa zilikuwa zimesimama mezani, na dirishani, na juu ya kabati.

"Yote?" aliuliza. Neno hilo nililijua.

"Yote, mama."

Akaketi, kofia ingali kichwani, akachukua uma, akachoma kipande, akakila. Kwanza hakikutokea kitu. Kisha shingo ikawa nyekundu, na wekundu ukapanda taratibu kama maji kwenye mtungi, ukafika chini ya kofia. Alifungua mdomo akaufunga. Maji hayasaidii, kila mtu kwetu analijua hilo, kwa hiyo nilimpa bakuli la maziwa yaliyochemshwa, na malai juu. Akanywa yote, na malai akayafuata kwa kidole.

Alipopumua, niliona ni heri kumaliza. "Muulize kama tufungashe," nikamwambia mdogo wangu.

Aliuliza. Mama mwenye nyumba alijibu kwa muda, akigonga meza kwa uma, akionyesha mti, akituonyesha sisi, tena mti. Sauti yake ilikuwa kali. Niliwashika wadogo zangu mabega.

"Amesema nini?"

"Amesema hatutoki," alisema mdogo wangu polepole.

"Hatutoki vipi?"

"Amesema tumemlia mti mzima. Anatudai mti. Tutakaa hapa hapa, chini ya macho yake, mpaka mti uzae tena na yeye apate pai yake. Hakuna hata mmoja wetu mwenye ruhusa ya kuondoka. Amesema asimwone mtu na sanduku."

Kitinda mimba alianza kucheka. Nilimfinya. "Tieni huzuni," niliwaambia kwa sauti ya chini. "Tieni huzuni usoni, asije akabadilisha adhabu."

Tukatia huzuni. Mdogo wangu alizidisha, akajifuta jicho kwa mkono uliokuwa na pilipili, na baada ya hapo machozi yake yakawa ya kweli.

Siku ya mashindano mama mwenye nyumba hakukubali yule mzee asimame peke yake. Alibeba chupa moja ya achari, akaipamba kwa utepe, akaiweka mezani karibu na pai zote. Tulimfuata, maana hatukuwa na ruhusa ya kuachwa. Bahati yake au mpango wake, sijui mpaka leo, chupa ile ilikuwa mwanzo wa meza, na waamuzi, kasisi na akina mama wawili, walianza mwanzo wa meza. Kasisi alichukua kijiko kizima, kama watu wa kwao wanavyochukua jamu.

Baada ya hapo walionja pai za watu wote wakilia, lakini ulimi wa kuonjea ulikuwa umeshaondoka. Kasisi alijaribu kuhutubia, ikashindikana. Mwishowe kikombe walimpa mtu aliyekuwa ameleta boga, kwa sababu boga halionjwi, linatazamwa. Yule mzee jirani alirudi nyumbani bila kikombe kwa mara ya kwanza tangu aache mabasi. Mama mwenye nyumba alirudi akiimba wimbo wa kanisani njia nzima, na hakushinda chochote.

Mwisho wa Septemba simu ya korido ikalia. Alikuwa mjomba, yuko tayari na gari. Nilimwambia asikie kwa kinywa cha mwenyewe, nikampa mama mwenye nyumba ule mkono wa simu. Alisema naye muda mrefu kuliko nilivyotegemea, kisha akanirudishia.

"Huyu mwanamke anasema mnadaiwa," alisema mjomba. "Mnadaiwa nini?"

"Matofaa, mjomba."

"Nitalipa mimi. Ni kiasi gani?"

"Hataki fedha. Anataka ule ule mti."

Mjomba alikuwa mtu wa biashara, na deni lisilolipika lilimtisha kuliko kitu kingine. "Basi kaeni," alisema mwishowe. "Kaeni wote. Mimi sitaki jina langu liingie humo."

Ule mti ulituchukua majira yote. Tuliulinda baridi kwa magunia, na mdogo wangu akawa anautilia maji hata siku za mvua, akiwa na mwavuli. Ulipotoa maua, kitinda mimba aliuwekea zamu ili ndege wasiusumbue, akawa anawasalimia na ndege. Mjomba alipiga simu kila mwezi kuuliza habari za mti, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa.

Septemba iliyofuata mama mwenye nyumba alitutoa uani sisi watatu, kuja kukagua deni letu. Mti ulikuwa umeinama. Matawi mawili tulikuwa tumeyaegemeza kwa vijiti yasivunjike, na matofaa mengine yalikuwa yameshaanguka, yamelala kwenye majani pande zote. Mama mwenye nyumba alisimama katikati yake, kikombe cha chai mkononi. Alitazama juu. Akatazama chini, ambako moja lilikuwa limegusa kiatu chake, akalisukuma pembeni kwa mguu.

"Mwaka huu haukuzaa," akasema.

Mdogo wangu alifungua mdomo kumsahihisha, kwa Kiingereza chake safi. Nikamkanyaga mguu.

"Haukuzaa, mama," nikasema.